Lebo Kumi za Mama Mwasiti

Uzi mwekundu ni wa hospitali. Kijani ni wa kambi. Njano ni wa maharusi, buluu ni wa watu wa maofisini, na mweupe wenye mafundo mawili ni wa mapadri. Mweusi ni wa marehemu, usiuguse. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Mama Mwasiti kwa miaka ishirini katika presing yake ya kufua na kupiga pasi pale Katindo, hatua chache kutoka lango la kambi ya askari, na kama ulikuwa huujui, basi shida ni yako.

Nguo ikiingia alichukua sindano, akatia uzi ndani ya kola, fundo moja au matatu, mshono wa kulala au wa kusimama, kwisha. Hakuna karatasi, hakuna daftari. Unakuja siku ya tatu, anakutazama usoni, anapitisha kidole kwenye kola kadhaa, anakutolea shati lako. Aliyeweza kusoma nyuzi hizo zaidi yake alikuwa mtu mmoja tu duniani, mumewe Yuma, Mungu amrehemu, na Yuma alikuwa ameshakwenda zake na elimu yote. Kilichobaki chake pale dukani ni ufunguo wa mlango, wenye kipande cha uzi wa kijivu kilichofungwa kwenye tundu.

Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mwezi wa tano mwaka 2021, Jumamosi jioni, volkano ya Nyiragongo ikapasuka. Umeme ukakatika, mbingu ikawa nyekundu toka Kibati hadi ziwani, watu wakatoka na magodoro kichwani bila kujua wanakwenda wapi. Mama Mwasiti yeye alikimbilia dukani. Alitaka kuokoa kwanza makoti meupe ya wauguzi, maana alijua usiku huo watayahitaji. Akafungua mlango ule mwanga wa mbinguni uingie, akaanza kukagua kola. Kijani anakiona. Buluu anaiona. Lakini nyuzi nyekundu za hospitali zilikuwa zimetoweka, kana kwamba panya wamezila zote! Alipapasa kwa vidole na kuzikuta palepale zilipo, akasema moyoni ni woga tu, mtu akiogopa hata macho hukimbia. Akafunga mzigo wake, na asubuhi nyuzi zilikuwa zimerudi. Hakulifikiria tena jambo hilo.

Siku chache baadaye, tetemeko juu ya tetemeko, mji ukaambiwa uhame. Mama Mwasiti na binti yake Sumaya wakaenda Sake kwa miguu, na ufunguo akamwachia shemeji yake Idrissa, mdogo wake Yuma, dereva wa Fuso kwenye barabara ya Bunagana. Idrissa alikuwa mtu mwenye moyo mzuri na mdomo mkubwa kuliko lori lake. Wateja walipokuja mbio kudai nguo zao kabla ya kukimbia, hakuwaambia kwamba hajui kusoma nyuzi. Angesemaje, yeye Idrissa? Akagawa.

Ee Mungu, aligawa! Koloneli mmoja wa kambi alifungua begi lake huko Sake mbele ya walinzi wake, akavuta gauni lenye mkia wa mita mbili, la bibi harusi mmoja aitwaye Clotilde. Clotilde mwenyewe alipata makoti matatu ya wauguzi. Padri alipewa suruali ya kijeshi, na kwa kuwa hakuwa na nyingine aliivaa, na njia nzima akapigiwa saluti. Hata mwaka mzima usingetosha kurudisha kila kitu kwa mwenyewe.

Wazee wa ukoo wa Yuma, watu wenye asili ya Kasongo ambao hawapendi kelele, wakakaa kikao. Wakasema: elimu iliyo ndani ya kichwa cha mtu mmoja ni msiba unaongoja siku yake. Mwasiti atafute alama ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Asipoipata mpaka mwezi wa sita mwaka ujao, presing itakuwa ya Idrissa, aigeuze kuwa duka la matairi kama anavyotaka. Ndiyo, aliyevuruga ndiye apewe! Lakini nenda kawaambie wazee. Ufunguo ule wa Yuma ukabaki mfukoni mwa Idrissa, Mwasiti akawa anafungua kwa ufunguo wa akiba.

Mama Mwasiti hakulia mbele yao. Alilia nyumbani, akiwa ameshika pasi ya makaa, na machozi yakachemka juu ya chuma. Duka lile alilijenga na Yuma, ubao kwa ubao, juu ya mawe ya volkano iliyotangulia. Kuliona limejaa matairi, hapana, bora aende Sake tena.

Bahati ikaja imevaa miwani. Ilikuwa ni Papa Damascène, mtunza vifaa wa hospitali moja ya mjini, mzaliwa wa Rutshuru, mtu wa kuongea polepole kana kwamba kila neno analitoa kwenye kabati na kusaini. Mashuka ya hospitali yalikuwa yakipotea na kuchanganyikana, na alitaka kila shuka liwe na lebo ya mistari, ile mistari myeusi minene na myembamba unayoiona nyuma ya sabuni na biskuti, ambayo mashine huisoma.

"Mama Mwasiti," alisema, "miye sitaki kujua rangi. Nataka mashine ijue. Nakupa mashuka kumi. Utie lebo, ufue kwa maji ya moto na javeli ya kung'arisha, upige pasi, uniletee. Mashine ikisoma yote kumi, kazi ya hospitali nzima ni yako."

"Na ikisoma tisa?"

"Tisa si kumi, mama."

Basi mambo mawili yakawa jambo moja. Lebo zikisomeka, ana kazi ya hospitali na wazee hawana la kusema. Zisiposomeka, matairi.

Idrissa, ambaye kwa kweli alimpenda shemeji yake ingawa alilipenda duka pia, akajitolea kutafuta lebo. Siku ya pili akarudi na rola nene kama mkate.

"Shemeji, hii njo yenyewe, muzuri kabisa! Bei yake iko chini, na inashika hata kwenye chupa ya mafuta."

Zilikuwa lebo za karatasi, za kubandika kwenye makopo ya nyanya. Kwenye maji ya moto hazikukaa hata dakika tano. Zikawa uji. Na uji ule haukuishia kwenye mashuka, ukahamia kwenye suruali ya Koloneli iliyokuwa imelowekwa kwenye beseni lilelile, ukakaukia kwenye makalio, na pale makalioni mtu mwenye macho mazuri angeweza kusoma "nyanya, gramu mia nne".

Mara ya pili Idrissa alileta lebo za plastiki nyeupe. Kwenye maji zilipita, kwenye javeli zikapita, Mama Mwasiti akaanza kumsamehe. Papa Damascène alikuja mwenyewe dukani na mashine yake ya kusomea. Sasa, aliyebuni mashine ile hakuwahi kupita Katindo. Ina umbo la bastola. Ukibonyeza kidole inatoa mstari wa mwanga mwekundu. Papa Damascène akaielekeza kwenye shuka lililoning'inia, mwanga ukapita pembeni ya shuka, ukatua kifuani mwa Koloneli aliyekuwa amekuja kulalamikia nyanya.

"Muzee, lala chini!" alipiga kelele mlinzi wake, akamsukuma Koloneli ndani ya beseni la sabuni na kumlalia juu. Mtaa mzima ukafunga madirisha. Papa Damascène akabaki amesimama na mikono juu, akisema polepole kama kawaida yake, "Iko kwa ajili ya mashuka. Iko kwa ajili ya mashuka."

Koloneli alipotolewa, akakaushwa, akaombwa radhi, wakapiga pasi shuka la kwanza. Lebo ikawa nyeusi tii. La pili, nyeusi. Ilipogusana na joto la pasi ilijaa weusi wote, hakuna mstari, hakuna nafasi, kama usiku wa mvua.

Sumaya, aliyekuwa mwaka wa tatu wa masomo ya kompyuta na ulimi wake umenoleka huko, akaichukua ile lebo akaigeuza. "Mama, hii inachapwa kwa joto, haina wino. Kichapishi kinaichoma pale penye mstari. Sasa sisi tumeichoma yote. Hii ni ya masanduku, itaishi wiki mbili kwenye kivuli."

"Shemeji, weye uliuliza nini ulipoinunua?" akauliza Mama Mwasiti.

"Niliuliza bei."

"Lebo haichaguliwi kwa bei, baba mdogo," akasema Sumaya. "Inachaguliwa kwa mateso itakayoyapata. Uulize kwanza: itapita kwenye maji? Kwenye moto? Itasuguliwa? Iishi siku ngapi? Halafu njo uulize bei."

Idrissa akamtolea kalamu. Sumaya akaandika kila kitu kwenye karatasi, wakaagiza Kampala lebo za utepe wa kitambaa, zenye wino usiotoka, za kushonea. Idrissa akaapa kwamba atazileta mwenyewe na Fuso lake. Zilifika Bunagana, mpakani, mwezi wa sita, na wiki hiyohiyo waasi wakauchukua mji. Mpaka ukafungwa, malori yakakwama upande wa pili. Idrissa alirudi kwa kuzunguka vilima, bila lori, bila lebo, kiatu kimoja kimefunguka mdomo.

"Nilibaambia bale waasi iko lebo tu," alisema, ameketi kwenye beseni lililopinduliwa. "Baliuliza: lebo ya jeshi gani?"

Hakuna aliyecheka, kwanza. Kisha Mama Mwasiti akacheka, akacheka mpaka akaketi chini, na alipomaliza kucheka alikuwa analia. Siku ya kupeleka mashuka hospitali ilikuwa Jumatatu. Leo Alhamisi.

Sumaya alikuwa ameweka mezani karatasi aliyochapa mistari ya kujaribia, mikubwa, upana wa kiganja. Mama Mwasiti akaivuta. Akaitazama sana. Mnene, mwembamba, mwembamba, mnene, nafasi.

"Hii ni mishono," alisema. "Njo hii inatusumbua mwaka muzima? Mishono ishirini?"

"Mama, hii haishonwi, inachapwa na mashine."

"Na mashine ilizaliwa kabla ya sindano?"

Wakaanza. Sumaya alichagua namba fupi ili mistari isizidi ishirini kwa kila lebo, akaichora kwenye utepe mweupe wa pamba, na mama yake akashona juu yake kwa uzi wa nailoni usioogopa javeli. Ugomvi ulikuja kwenye rangi tu.

"Mweusi, mama. Mistari yote duniani ni myeusi."

"Mweusi ni wa marehemu! Nitie uzi mweusi kwenye shuka la mgonjwa? Alale juu ya kaburi lake kabla ya kufa? Astaghfirullahi. Hospitali ni nyekundu, miaka ishirini."

Ungekuwepo ungefanya nini? Sumaya akatunga uzi mwekundu kwenye sindano. Na kwa kuwa ni mwana wa kompyuta, alijaribu kila lebo kwa simu yake, na simu ikasoma. Shuka la kwanza, ikasoma. La tano, ikasoma. Jumapili, lilipobaki shuka la kumi, uzi mwekundu ukaisha. Kule sokoni Birere maduka yalikuwa yamefungwa, watu wamejaa hofu ya habari za Bunagana. Ndani ya kopo la nyuzi kulikuwa na kijani tele, uzi wa kambi. Mama Mwasiti akashona la kumi kwa kijani akiona haya, kama mtu anayevalisha mgonjwa magwanda, akalikunja chini kabisa ya mzigo. Wakafua, wakaweka javeli, wakapiga pasi kwa makaa mekundu. Mistari haikutikisika. Simu ikasoma yote kumi.

Jumatatu waliingia hospitali kifua mbele. Idrissa alikuja kama shahidi wa ukoo, ufunguo mfukoni. Papa Damascène akapitisha kidole juu ya mistari, akasema kazi nzuri, kazi nzuri sana, akatoa ile bastola yake, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akaipangusa kioo kwa tai yake. Kimya. Shuka la pili kimya, la tatu kimya. Sumaya akatoa simu, simu ikasoma. Papa Damascène akatikisa kichwa: hospitali haina simu ya Sumaya, ina hii mashine. La sita, kimya. La tisa, kimya. Mama Mwasiti akatazama juu. Akaona matairi yamepangwa hadi kwenye dari, pale Yuma alipokuwa akining'iniza mashati.

"Shemeji," alisema Idrissa kwa sauti ndogo, na hakuwa na furaha, "wazee balisema..."

"Bado moja," alisema Papa Damascène. Akavuta lile la chini, la aibu, la kijani.

Mashine ikalia: *tiii!*

Wote wakaruka. Akarudia. Ikalia. "Hii mashine," alisema Idrissa, "inatambua askari peke yake!"

Lakini Mama Mwasiti hakusikia. Alikuwa ameinama juu ya shuka la tisa. "Papa Damascène, washa tena. Polepole." Mwanga mwekundu ukapita juu ya mistari miekundu, na pale ulipopita, mistari haikuwepo. Kitambaa chekundu, uzi mwekundu, kitu kimoja. Aliiona hali hii wapi? Akaikumbuka mbingu. Mlango wa duka uko wazi, mlima unawaka, na yeye anatafuta nyuzi za hospitali asizione.

"Wallahi, njo ile!" alipiga mapaja yake kwa viganja. "Haikuwa woga! Ile jioni ya volkano, nyuzi nyekundu zilinipotea, za kijani nilikuwa naziona. Macho yangu yalikuwa mazima, mwanga ndio ulikuwa mwekundu! Hii mashine ina jicho jekundu. Uzi mwekundu haiuoni, kama miye sikuuona!"

Sumaya akashika kichwa. "Simu inaona kama sisi. Mashine inaona kwa mwanga wake tu. Mama! Nilisoma hii mwaka wa pili!"

"Ulisoma," alisema mama yake. "Miye nilikimbia nayo."

Akaomba muda hadi alasiri. Papa Damascène akatazama saa yake, akatazama lile shuka la kijani, akasema alasiri ni saa tisa kamili. Mama Mwasiti alikuwa na kopo la uzi wa kijani kwenye mkoba, lakini mistari ilikuwa mia na themanini, na mikono miwili haitoshi, wala minne. Pale uani, kando ya masufuria yao, walikuwa wamekaa wanawake waliokuja kuuguza wagonjwa wao. Akawaendea. Akawagawia sindano. Na jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka ishirini, akaanza kufundisha: huu ni mnene, pitisha mara nne; huu ni mwembamba, mara moja tu; nafasi usiiguse, nafasi nayo inasema. Idrissa, ambaye macho yake yalikuwa mazuri kuliko ya wote, aliwekwa katikati kutunga nyuzi kwenye sindano. Alitunga mpaka vidole vikatoboka, akilalamika kwa sauti ya kusikika hadi ziwani.

Saa tisa kamili Papa Damascène alirudi. Hakuishika mashine. Akampa Idrissa. "Weye usome. Mama asiseme kitu."

*Tiii.* "Shuka moja, chumba cha watoto," akasoma Idrissa kwenye kioo kidogo cha mashine. *Tiii.* "Shuka mbili, chumba cha wazazi." Tatu, nne, tano. Kila mara ulimi wa Mama Mwasiti ulitaka kujibu kabla yake, na hakuna aliyemuuliza. Mtu mwingine alikuwa akisoma uzi wake, mara ya kwanza tangu Yuma afe, tena Idrissa, wa watu wote! Alifurahi mpaka akaumia. Wanawake wa uani walipiga vigelegele kwa lile la kumi, na kila mmoja akawa anaonyesha mstari wake.

Papa Damascène akasaini karatasi ya kazi, akaikunja, akaitoa kama anavyotoa maneno. Idrissa alikuwa akinyonya vidole vyake.

"Na miye, shemeji? Miaka yote hii unanifulia. Uzi wangu iko rangi gani?"

"Weye sina uzi wako. Shati lako nalijua kwa harufu ya mazutu ya lori."

Idrissa akacheka kuliko wote. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa duka, akauweka kwenye kiganja chake. "Wazee nitabaambia miye mwenyewe. Ila hii kamba ya kijivu hapa kwenye tundu, mwaka muzima inaning'inia tu. Nilitaka kuikata."

Mama Mwasiti akafumba kiganja haraka. "Hiyo ni uzi wa kaka yako."

Idrissa akaacha kucheka. Sumaya akachukua bastola ya Papa Damascène, akaielekeza kwa mzaha kwenye mkono wa mama yake. Mwanga mwekundu ukapita juu ya vidole, na mashine ikanyamaza.

"Hiyo muache," alisema Mama Mwasiti. "Hiyo nasoma miye."